Kicheko cha NyaSakala

Chipata, 6 Julai 2002

Ng'andwe,

Leo sikuiti mtani. Nikikuita mtani sitaruhusiwa kukasirika, na nimekasirika hata kalamu inatoboa karatasi.

Tangu jana asubuhi nimepiga simu kutoka posta mara nne. Msichana wako wa mapokezi anasema uko studio, uko mkutanini, uko kwa msusi. Basi ukitoka kwa msusi usome hii.

Jumamosi iliyopita tulimzika baba yangu, Mwalimu Yesaya Nzima. Ulisafiri siku nzima kutoka Lusaka, kama inavyompasa Mbemba anapofiwa Mngoni wake, nami nilikushukuru mbele za watu. Ulifanya kazi yote ya mtani wala hukubakiza. Ulipanda juu ya gari la jeneza ukakataa kushuka mpaka ukapewa kuku. Ulimwambia mchungaji afupishe maombi kwa sababu marehemu ana miadi huko aendako na panya wanono, kitoweo mnachotutania nacho sisi Wangoni. Ukavaa koti la baba, ukachukua fimbo yake, ukazunguka uani ukichechemea kama yeye na kufoka kama yeye, watoto wakatimua mbio wakidhani mzee amefufuka. Sote tulicheka. Mama naye, ambaye alikuwa mkekani siku ya tano bila kutia kitu mdomoni, alicheka, tena sana, kichwa nyuma. Nikasema moyoni, asante Mungu, sasa atakula. Na jioni ile alikula.

Yule mpiga picha uliyekuja naye nilimkaribisha mimi. Ulisema ni kumbukumbu ya familia. Nilimletea hata meza asimame juu yake aone vizuri.

Juzi Alhamisi tulikusanyika kwa muuguzi jirani yetu, mwenye televisheni, tumtazame Ng'andwe wetu kwenye kipindi chake cha Kigodani. Alikuwapo mama. Alikuwapo shangazi Esinala, dada yake baba, ambaye hakuwahi mazishi kwa sababu basi lilimharibikia njia ya Lundazi akafika Jumapili. Kumbe mada ni "Misiba yetu imegeuka sherehe". Ukatuonyesha wanawake wa mjini na miwani yao myeusi, ukatuonyesha makreti ya bia. Halafu ikaja sauti yako, ile ya upole unayoitumia ukitaka kumchoma mtu: "Hata wajane, watazamaji wangu. Siku hizi hata wajane." Hapo hapo akatokea mama yangu, mdomo wazi, anacheka, jeneza la mumewe nyuma yake. Koti halikuonekana, fimbo haikuonekana, wewe hukuonekana. Sekunde kumi na moja. Unajua mimi huhesabu.

Umekata utani ukaacha kicheko.

Shangazi Esinala alisimama, akajifunga kitenge chake upya, akasema, "Kumbe ndivyo." Akatoka bila kumuaga mtu.

Nataka kujua nani alikata, na kwa nini. Nijibu wewe mwenyewe, usimtume msichana.

Zelipa Nzima


Lusaka, 13 Julai 2002

Mtani wangu mla panya,

Umemkasirikia mtani wako? Kuku wawili, tena majogoo, na uwatume kwa basi la kesho. Sheria ya babu zetu haikuandikwa na mimi. Walipochoka kuuana walikubaliana kutukanana, na anayenuna analipa. Wewe umenuna kurasa mbili nzima.

Haya, nisikilize. Siku ya kuhariri nilikuwa Ndola namhoji askofu. Aliyekata ni yule kijana mpya, kwa amri ya Bwana Kalaba, meneja wetu wa vipindi. Kalaba alisema maneno ya panya na nyani hayaendi hewani, tutaambiwa tunachochea ukabila. Mtu wa Livingstone yule, atajua nini kuhusu utani? Niliporudi kipindi kilikuwa kimekwisha kwenda. Ningefanyaje, nikimbie nikachomoe antena?

Shangazi yako atasahau. Mwezi ujao atakuwa na jambo jingine la kununia, sura yake imeumbwa kwa kazi hiyo. Mwambie mama yako, mke mwenzangu, anywe uji wake wala asiwasikilize. Ndiyo, mke mwenzangu. Nilivaa koti la mzee, kwa hiyo sehemu ya urithi ni yangu. Nimemtumia kitenge kwa dereva wa basi.

Sasa habari yenyewe, kaa chini kwanza. Kampuni moja ya Johannesburg inataka Kigodani. Nchi kumi na nne, Zelipa! Mimi niliyeanza kwa kusoma matangazo ya vifo redioni, asubuhi na jioni, mpaka watoto mitaani wakaniita Bibi Marehemu. Nikapelekwa kwenye hali ya hewa. Kisha mimi na wewe tukakibuni kipindi kile ndani ya chumba cha mafagio, wewe na mkasi wako, mimi na mdomo wangu. Miaka tisa. Wiki ya mwisho ya Agosti napanda ndege kwenda kutia sahihi. Nifurahie hata kidogo, hata kama umenuna.

Mtani wako mla nyani,
Ng'andwe


Chipata, 20 Julai 2002

Ng'andwe,

Kitenge kinarudi na dereva yule yule. Mama hakukigusa.

Kikao cha ukoo kimekaa juzi. Shangazi Esinala alizungumza kwa kusimama, nami nakuandikia maneno yake yote kwa sababu wewe ni mtu wa kupenda maneno ya watu. Alisema:

"Kaka yangu hajafukiwa, huyu anacheka! Tumemwona sisi, wamemwona wa Lundazi, wamemwona wa Petauke. Shemeji yangu wa Kitwe kapiga simu mpaka ofisini kwa mwanangu, anauliza, jamani, huyo mjane mlimpa nini? Ningekuwapo ningemziba mdomo kwa kiganja changu hiki."

Mama Tembo jirani yetu akajaribu. Akasema, "Bibi, palikuwa na mtani. Mbemba, mwanamke mnene, kavaa koti."

"Yuko wapi huyo mtani? Televisheni ilikuwa na macho, mbona haikumwona? Au mtani ni pepo?"

Watu wakaangua kicheko. Pale kucheka hakukuwa na kosa. Nikasimama mimi, nikaambiwa, "Kaa, mwana lazima amtetee mama yake." Waliokuwa uani siku ile wameanza kusema labda hawakuona vizuri, walikuwa makaburini, walikuwa jikoni. Wanaliamini sanduku la muuguzi kuliko macho yao wenyewe.

Uamuzi ndio huu. Jumamosi tarehe 24 Agosti ni siku ya kunyoa, tunatoa msiba. Wamesema mama hatanyolewa. Hawataki kumtoa msiba mtu aliyeufurahia. Siku hiyo hiyo atafungasha aondoke kwenye nyumba ambayo matofali yake aliyafyatua kwa mikono yake akiwa na mimba yangu. Miaka arobaini na mitatu ya ndoa, Ng'andwe. Atatoka na nywele za msiba kichwani kama mchawi.

Mama mwenyewe alikuwapo. Kikao kizima alitazama mikono yake. Baadaye nikamwambia, mama, mbona hujitetei? Akasema, "Niseme nini, mwanangu. Waache." Hilo ndilo linaloniua. Wamemvunja mpaka hana hata nguvu ya kukataa.

Sasa nije kwenye uongo wako. Miaka saba nilihariri kipindi kile kabla sijarudi huku kumuuguza baba, na unadhani sitajua mkono wa nani umekata? Vijana hukata papo kwa papo kama wachinja kuku. Wewe ndiye unayeacha pumzi moja ndani ya picha kabla ya kukata. Nilikukataza mara mia ukasema unapenda hivyo. Mama alicheka, akavuta pumzi, picha ikaondoka. Na pembeni chini kuna ncha ya fimbo, imepita kama kupepesa jicho. Kijana asingeijali. Wewe uliiona ukashindwa kuikwepa bila kuipoteza hiyo pumzi yako. Ulikaa kwenye kiti changu ukakata kwa mkono wako. Ndola hukwenda.

Kuhusu kuku wako: nimekasirika. Nitoze wawili, nitoze ng'ombe, nitoze kundi zima. Nitakuwa mtu wa kwanza katika historia ya makabila haya mawili kulipa faini ile kwa moyo mmoja.

Onyesha kanda nzima. Jionyeshe ukiwa na koti na kuku na jeneza, kabla ya tarehe 24. Sitaki kitu kingine kwako.

Zelipa


Lusaka, 31 Julai 2002

Zelipa,

Haya, utani tuuweke kando. Umeutaka ukweli, kula.

Nilikata mimi. Watu wa Johannesburg waliomba kipindi kimoja cha kukitazama kabla ya kuamua, na kipindi kilichokuwa mezani ni hicho. Nikawasha mashine nikajiona. Mwanamke wa miaka arobaini na moja, koti la kiume limemfika magotini, kuku kwapani, kamasi zinamtoka, anafoka juu ya jeneza la mtu. Kwa Chipata huyo ni mtani. Kwa mwanamume wa Johannesburg mwenye tai na kalamu huyo ni kichaa, na mtu hampi kichaa nchi kumi na nne. Unajua nimetumia miaka mingapi kujifunza kukaa vizuri kwenye kiti? Kujifunza kucheka bila kuonyesha ufizi? Wakubwa wangapi waliniambia sura yangu ni ya redio? Wewe ulikuwa nyuma ya kioo, Zelipa. Hakuna aliyekuandikia barua kwamba una makalio ya sokoni.

Basi nilijitoa mimi. Kicheko cha mama yako nikashindwa kukitoa, maana ndiyo picha nzuri kuliko zote nilizopata mwaka huu. Usijifanye hujui ninachosema. Ungekuwa kwenye kile kiti ungekibakiza vilevile. Yule mwanamke wa Mansa aliyelia kwenye kigoda cha mgeni, akashuka akatusihi tumtolee kile kipande kwa ajili ya wakwe zake, nani alikataa? Mimi nilikuwa tayari kukitoa. Wewe ndiye uliyesema, "Machozi ndiyo kipindi." Nimekuandikia maneno yako yote, kwa sababu nawe unapenda maneno ya watu.

Halafu uliniacha. Baba yako aliugua, sawa, mzazi ni mzazi. Lakini ulisema miezi mitatu, ikawa miaka miwili, na hukuandika hata kuuliza nani anahariri. Nilihariri mimi. Nilitangaza mimi, nilitafuta wageni mimi, nilibishana na Kalaba mimi, nikalala chini ya meza ya mashine. Leo unaniambia nimekaa kwenye kiti chako!

Kanda haipo. Kituo kina kanda kumi na nane na unajua hesabu hiyo kuliko mimi. Jumatatu baada ya kipindi walirekodi juu yake mfugaji wa nguruwe wa Chongwe. Nimekwenda mwenyewe kuiangalia, mwanzo hadi mwisho, labda kuna kipande kimebaki. Ni nguruwe tupu.

Sina cha kuonyesha. Nisamehe au usinisamehe.

Ng'andwe


Chipata, 6 Agosti 2002

Ng'andwe,

Nguruwe. Barua nzima nimeisoma mara tatu na mara zote nimeishia kwa nguruwe.

Mwanamke wa Mansa ni kweli. Sina la kujitetea. Kwa hilo nina hasira na mimi pia, na nitakuwa nayo nikimaliza hii ya kwako.

Lakini mama yangu anafukuzwa tarehe 24. Kila asubuhi anafagia uwanja kana kwamba nyumba bado ni yake, nami siwezi kumtazama. Kama kanda haipo, mdomo wako upo. Kaa wewe kwenye kigoda cha mgeni, usihojiwe na mtu, sema ulivyofanya. Iwe Alhamisi ya tarehe 15, hewani moja kwa moja, Kalaba asipate nafasi ya kukukata. Ile ya tarehe 22 itakuwa bure, ndugu watakuwa njiani kuja huku.

Usiponisikia, ukipanda ndege, nenda. Ila siku mama yako kule Kasama atakapokufa, usitume mtu kuniita. Sitakuja kuvaa nguo zake.

Zelipa


Lusaka, 17 Agosti 2002

Zelipa,

Nimesema. Nadhani umeniona, lakini nakuandikia yale ambayo kamera haikuyaona.

Mgeni wa wiki ile alikuwa mwimbaji wa kwaya. Nilimwacha kwenye kochi la mapokezi na soda. Tulipoingia hewani nikaenda kukaa kwenye kigoda. Mpiga picha, yule yule uliyempa meza, akadhani nimelewa, akaniuliza kwa midomo, "Mama, vipi?" Nikamwambia mbele ya nchi nzima asiniondoe kwenye picha hata nikilia.

Nikasema yote. Kwamba nilikuwa Chipata kama mtani. Koti, fimbo, kuku, jeneza. Kwamba yule mama watu waliyemwona akicheka hakucheka kwa furaha, alikuwa mama mnyonge mwenye msiba mzito, hakujua alifanyalo, na aliyemchekesha ni mimi kwa ufundi wangu wote. Kwamba nikajikata mimi nikamwacha yeye peke yake. Nikamtaja shangazi Esinala kwa jina nikamwambia, bibi, kama unataka mtu wa kumziba mdomo, njoo Lusaka uuzibe huu.

Nyuma ya kioo Kalaba alikuwa anajipitishia kidole shingoni. Dakika ya tano wakaweka tangazo la sabuni. Tangazo lilipokwisha kigodani alikuwa amekaa mwimbaji wa kwaya, anahojiwa na msichana wa hali ya hewa. Msichana yule alijitahidi, sitamsema vibaya. Wiki ijayo kipindi ni chake.

Johannesburg walipiga jana. Walikuwa na adabu. Walisema wanatafuta mtu "mwenye utulivu zaidi".

Kwa hiyo hesabu yako imetimia. Mama yako atabaki na nyumba yake, mimi nimekwisha. Usinitumie barua ya shukrani. Najua kosa ni langu, nalijua kuliko wewe, na bado nimekukasirikia kwa kuniomba kitu ambacho nisingeweza kukikataa. Mtani haombi radhi, Zelipa. Akishaomba amekuwa mtu wa kawaida tu, jirani, mpita njia. Usiniite mtani mpaka nianze mimi.

Ng'andwe Kapasa


Katete, 27 Agosti 2002

Zelipa mwanangu,

Najua juzi umeamka ukanitafuta mpaka kisimani. Niko kwa mjomba wako. Nilipanda lori la pamba la asubuhi, nikakaa mbele na dereva.

Ninaandika mwenyewe, usitafute nani kanisaidia. Nilifika darasa la sita kabla baba yako hajaja na ng'ombe wake. Ukishasoma mpelekee Ng'andwe, maana nina hasira na ninyi wawili na stempu ninayo moja.

Jumamosi walininyoa. Kwa hilo asanteni, nywele zile zilikuwa zinaniwasha na mtu hapendi kutembea na msiba kichwani. Esinala akanishika mabega akalia. Akasema, "Wifi yangu, tumekuonea. Kumbe ulichekeshwa. Kaa na nyumba yako mpaka ufe." Watu wakapiga vigelegele, na wewe ukanikumbatia kwa furaha. Mimi nikaitazama ile nyumba juu ya bega lako. Mlango, dirisha, kile kiti chake kibarazani ambacho hakuna aliyethubutu kukiondoa.

Zelipa, kuna mtu aliyeniuliza kama naitaka? Mmoja tu, nitajie. Umeandika barua, umesafiri kwenda posta, umegombana na ukoo wa baba yako, umemtoa mwenzako kazini, na tulikuwa tunalala chumba kimoja. Hukuniuliza.

Kwenye kikao ulidhani nimevunjika. Niliposikia kwamba tarehe 24 natakiwa kufungasha niondoke, nilitazama mikono yangu ili wasiuone uso wangu. Nilihesabu siku zile kama mtoto anayengoja Krismasi. Nilifagia uwanja kila asubuhi kwa sababu nilikuwa nauaga. Mkaenda mkanishindia kesi niliyokuwa naomba nishindwe!

Na wewe Ng'andwe. Nilikutazama siku ile uliyokaa kwenye kigoda. Ulijitolea, nimeona, na pole sana kwa kazi yako, ulianza chini na umefika mbali. Lakini umeniita mnyonge. Umeiambia nchi nzima kwamba sikujua nilifanyalo. Mara ya kwanza ulinionyesha nacheka bila wewe, mara ya pili ukasema nilicheka kwa sababu yako. Zote mbili umenikosea, na sijui ipi inaniudhi zaidi.

Sasa nawaambia ilivyokuwa, kwa kuwa mmepigana miezi miwili juu ya kitu msichokijua.

Baba yako hakunipiga, Zelipa. Alipiga wanafunzi. Mimi aliniita. Awe shambani, awe kibarazani, awe anaumwa, aliita mara moja tu, NyaSakala, jina la ukoo wetu, na kabla jina halijaisha nilitakiwa niwe nimesimama. Nimesimama na tonge la nshima mkononi halijafika mdomoni. Nimesimama siku ya tatu baada ya kukuzaa wewe. Kuna mambo mawili nilianza kuyasimulia mwaka ule uliposoma bweni, na hadi leo sijayamaliza kwa sababu niliitwa katikati.

Siku ya mazishi nilikuwa mkekani na wanawake. Ng'andwe akaja na lile koti. Utani wa panya niliusikia, haukunichekesha, nimeusikia tangu nikiwa mtoto. Kuchechemea hakukunichekesha. Kisha akasimama mlangoni pa jiko akaita, kwa sauti ile ile kabisa ya marehemu, "NyaSakala! Umekufa humo?"

Nikainuka. Miguu yangu iliinuka yenyewe, mkono ukashika ardhi, goti likanyooka. Wanawake walidhani nakwenda kumwangukia marehemu, wakanishika. Nilikuwa nakwenda kuandaa chakula. Nikiwa nusu nimesimama nikaliona lile sanduku limefungwa kwa misumari, na yeye yumo ndani.

Nikaketi tena. Nikanyoosha miguu mbele yangu, yote miwili, nikacheka.

Tisiyenji Sakala